Sura ya Saba: Mistari Juu ya Shaba

Ramani ya madini ya Kongo imechorwa kwa miraba. Mraba mmoja, kipimo ambacho Sheria ya Madini ya mwaka 2002 hukitumia kugawa vibali, una hekta 84.955. Kampuni haiombi kilima wala bonde. Huomba miraba, kumi au hamsini au mia, na hupewa kwa hesabu hiyo. Miraba nayo haijali kilicho juu yake. Ndani ya mmoja mnaweza kuwa na miti ya miombo, kijito, makaburi ya ukoo, shule ya msingi na nyumba mia tatu za matofali ya kuchoma. Itandaze ramani hiyo juu ya picha ya Kolwezi iliyopigwa kutoka angani, na utaona jinsi mji ulivyobanwa kati ya vibali, na mahali pengine ulivyokaa ndani yake.

Kiwanja kimoja cha Kolwezi hubeba haki za aina mbili. Sheria ya Ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ibara ya 53, imeifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola peke yake. Raia hupewa haki ya kuutumia uso wake: ajenge, alime, arithishe. Kilicho chini kina sheria nyingine, ofisi nyingine ya usajili, na mwenye kibali mwingine. Mama mwenye hati ya parseli yake Manika ana mahali pa kupanda muhogo na kuinua kuta; shaba iliyo mita ishirini chini ya jiko lake si yake.

Mgawanyo wa namna hii si mgeni kabisa katika mkoa wa Lualaba. Kaskazini-magharibi, katika teritwari ya Kapanga, mbali na migodi, iko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Ufalme ule uliwaacha wenyeji wa zamani, walioitwa tubungu, na mamlaka juu ya ardhi yao, huku watawala wa Kilunda wakishika siasa na kodi. Haki mbili juu ya udongo mmoja, lakini wenye haki hizo waliishi jirani, wakajuana, na kila upande ulikuwa na majukumu kwa mwenzake. Tena makao yenyewe yalihama. Mfalme mpya alijenga Musumba yake, na mashamba yaliyouzunguka mji wa zamani yakarudi kuwa pori, yakapumzika, yakangoja watumiaji wengine. Mstari uliochorwa na utawala ulikuwa na mwisho wake. Mistari ya Kolwezi haina tabia hiyo, na hapo ndipo taabu ya sura hii inapoanzia.

Sasa mstari mwingine unachorwa. Kongo ilipitisha sheria ya kanda maalum za kiuchumi tarehe 7 Julai 2014. Kanda ya mfano ilitengwa Maluku, pembezoni mwa Kinshasa. Huku kwenye shaba, jina linalotajwa ni Musompo, nje kidogo ya Kolwezi katika barabara ya kwenda Likasi, mahali palipojengwa soko la madini ya wachimbaji wadogo. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia saini mjini Lusaka makubaliano ya kujenga pamoja viwanda vya betri za magari ya umeme, na Machi 2023 Benki ya Afreximbank na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika zikaingia katika mkataba wa kuandaa kanda za kazi hiyo. Nchi inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inataka kuacha kusafirisha udongo na kuanza kuuza kitu kilichotengenezwa. Nami nalitaka hilo kwa moyo wote. Lakini kila kiwanda husimama juu ya ardhi, na katika mji huu ardhi imekwisha kugawanywa mara nyingi mno kwa faida ya walio mbali. Ndiyo maana nauliza jambo moja tu kuhusu kanda ya Musompo: mji mzima wa Kolwezi utaitumia ardhi yake vizuri zaidi kwa sababu yake, au utaitumia vibaya zaidi?

Kutumia ardhi vizuri, maana yake nini? Wachumi hutazama thamani inayozalishwa katika hekta moja. Wapangaji wa miji huhesabu wakazi na ajira kwa hekta hiyohiyo. Umoja wa Mataifa, katika malengo yake ya maendeleo ya mwaka 2030, una kipimo chake: unalinganisha kasi ya mji kumeza ardhi na kasi ya watu kuongezeka. Mji unaomeza ardhi haraka kuliko watu wake wanavyoongezeka unatapanya. Kipimo ni kizuri, ila Kongo haijafanya sensa tangu mwaka 1984. Kolwezi ya mwaka ule ilikuwa mji wa Gécamines, shirika la madini la Dola. Kolwezi ya leo ni makao makuu ya mkoa tangu mwaka 2015, na makadirio ya kawaida huipa zaidi ya nusu milioni ya watu. Anayetaka kupima inambidi ahesabu mapaa kwa setilaiti. Mashimo ya migodi anaweza kuyapima kwa mita. Watu waliohamishwa na mashimo hayo inambidi awakisie.

Kuna kipimo cha nne, na ndicho ninachokitetea: gharama iliyosukumwa nje ya mstari. Hekta inaweza kutoa dola nyingi kwa sababu barabara, vumbi, maji machafu na makazi ya wafanyakazi vyote vimebebeshwa hekta jirani. Ukihesabu iliyo ndani tu, utapongeza. Ukihesabu zote mbili, huenda ukanyamaza.

Kolwezi imeishi hivyo tangu kuzaliwa. Ni mji wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo iliujenga hapa katika miaka ya mwisho ya 1930 kwa sababu shaba ilikuwa karibu na uso wa ardhi. Mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakoloni walikuwa wamekwisha kutenga uwanja mtupu wa mita 500 kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, wakitoa sababu ya mbu na malaria. Kolwezi ilifuata mtindo huohuo wa kutenga: mji wa Wazungu kwake, sité ya Manika kwake, na kambi za wafanyakazi kando ya shughuli za kampuni. Ardhi iliyokaa tupu katikati haikuwa imesahauliwa. Ilikuwa na kazi, kazi ya kutenganisha, na mpaka leo mpangilio wa barabara za miji hii unabeba alama ya kazi hiyo.

Ndani ya kambi, lazima tukiri, ardhi ilitumiwa kwa uangalifu mkubwa. Nyumba zilipangwa kwa safu, zahanati na shule zilikuwa karibu, posho ilitolewa kwa zamu, maji yalifika. Kampuni ilitaka mfanyakazi akae na familia yake na asirudi kijijini, kwa hiyo ilijenga kama mtu anayekusudia kubaki. Baada ya kutaifishwa mwaka 1967, shirika lililokuja kuitwa Gécamines liliendelea na malezi hayo, na watu wa Katanga wakawa wanasema: Gécamines njo baba, njo mama. Hii ilikuwa kanda maalum kabla sheria haijabuni jina hilo: ilikuwa na ushuru wake, walinzi wake, hospitali yake, mpaka wake. Baba huyo alipougua, hapakuwa na serikali ya mji iliyowahi kujifunza kuifanya kazi yake. Sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka Septemba 1990, uzalishaji ukaanguka, na katika mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mabomba yakakauka. Watu walibaki katika nyumba, juu ya ardhi ambayo haki za kilicho chini yake zilikuwa zinaanza kuuzwa upya.

Tutazame mtaa mmoja kwa karibu. Kasulo, mwaka 2014. Mkazi mmoja anachimba kwenye kiwanja chake na anakuta jiwe jeusi lenye kobalti. Habari haikai siku nyingi. Jirani anachimba, na jirani wa jirani. Shimo linaanzia uani. Baadaye linaanzia sebuleni, chini ya turubai, kwa sababu ndani hakuna macho ya polisi na mvua haiingii. Upana wake unamtosha mtu mmoja kushuka kwa kutia miguu katika vidato vilivyochongwa ukutani, huku mwenzake juu akivuta gunia kwa kamba. Kanuni zinamzuia mchimbaji mdogo kupita mita 30, lakini mshipa wa madini hausomi kanuni. Ukifika chini, unafuata jiwe kwa upande, na njia yako inakutana na ya mtu aliyeanzia jikoni kwake nyumba ya tatu. Juu, kuta zinapata ufa. Kisima cha maji kinaingiliwa. Mwenye nyumba anapata fungu lake la mauzo. Mpangaji anapata notisi ya kuhama. Timu ya creuseurs, yaani wachimbaji wadogo, inagawana kinachobaki baada ya kulipa depo la ununuzi.

Ukiuliza kwa kipimo cha wachumi, Kasulo ya mwaka ule ilikuwa mahali ambapo ardhi ilizaa kupita kiasi. Kiwanja cha nyumba moja kilitoa kwa miezi michache fedha ambazo kodi ya nyumba isingezileta kwa miaka. Soko lilisema wazi kwamba matumizi bora ya pale ni shimo. Mimi nakataa kwamba soko lilisema kweli yote. Shimo hutumika mara moja, nyumba hutumika kila usiku. Na aliyepoteza shule ya jirani, kisima na ukuta usio na ufa hakuwa na mahali pa kuandika hasara yake. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilikabidhiwa kampuni ya Congo Dongfang Mining, tawi la Huayou Cobalt ya China, familia mia kadhaa zikahamishwa, nyumba zikabomolewa, na ukuta ukajengwa kuzunguka eneo hilo. Creuseurs waliendelea kuchimba humo ndani, sasa kwa kupita getini, wakiuza kwa mnunuzi mmoja. Usalama uliongezeka kuliko wa mashimo ya sebuleni, na ni haki kulisema hilo. Lakini mtaa ulikuwa umegeuka kanda, na familia zilizotoka zilikwenda kutafuta viwanja pembeni zaidi, ambako mji haujafikisha bomba wala nguzo ya umeme. Mji ulimeza pori jipya ili kufidia mtaa uliokuwa tayari umejengwa. Hekta moja ilipata ukuta. Nyingine, mbali, zikapata nyumba zisizo na huduma.

Mtaa wa Cité Gécamines umepita njia hiyohiyo kwa mwendo mwingine. Mgodi wa wazi ulioko kando yake ulifufuliwa na COMMUS, kampuni ya Zijin ya China kwa ubia na Gécamines, na shimo limekuwa likisogea kuelekea nyumba. Katika ripoti ya Septemba 2023, Amnesty International na shirika la Kolwezi la IBGDH walieleza jinsi wakazi walivyoanza kujua kwamba wangeondolewa walipoona misalaba myekundu imepakwa kwenye nyumba. Mtaa huu haukuwa makazi holela. Ulipangwa na kupimwa, na ulikuwa na maji na umeme kuliko sehemu nyingi za mji. Kuubomoa ni kubomoa hekta zilizokuwa zikitumika vizuri kuliko zote.

Ndipo tufike Musompo tukiwa na macho yaliyokwisha kuona. Mwaka 2021, katika mkutano wa biashara uliofanyika Kinshasa, kampuni ya utafiti ya BloombergNEF ilitoa hesabu iliyowafurahisha wengi: kiwanda cha kutengeneza tani 10,000 kwa mwaka za malighafi za betri kingegharimu dola milioni 39 kukijenga Kongo, na dola milioni 117 kukijenga Marekani. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba ardhi hapa ni rahisi. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi katika hotuba, likitajwa kama sifa. Urahisi huo una historia. Ardhi ni rahisi kwa mwekezaji kwa sababu anayeondolewa hulipwa kidogo, kwa sababu uso wa ardhi huthaminiwa kama pori hata ukiwa shamba la mahindi, na kwa sababu mji hautozi chochote kwa kiwanja kinachokaa bure nyuma ya uzio. Kitu kinachopatikana kwa bei ndogo hutumiwa bila hesabu. Mwekezaji anayehitaji hekta 20 ataomba 200, na hana sababu ya kutofanya hivyo.

China yenyewe ilijifunza hili kwa gharama. Shenzhen, iliyofanywa kanda maalum mwaka 1980 ikiwa na kilomita za mraba 327.5, ndiyo inayotajwa na kila waziri, na kwa haki: ardhi ilijaa viwanda, kisha maghorofa, mpaka mwaka 2010 kanda ikapanuliwa kuufunika mji wote. Lakini nyuma yake kila wilaya ilitaka kanda yake. Serikali ya Beijing ilipoamua kuhesabu, kuanzia mwaka 2003, ilikuta kanda 6,866 zilizopangwa juu ya kilomita za mraba 38,600, nyingi zikiwa uzio na magugu. Kufikia mwisho wa 2006 zilibaki 1,568, na eneo lilikuwa limekatwa hadi chini ya kilomita za mraba 10,000. Viongozi wetu wanaonyeshwa Shenzhen wanapotembelea China. Hesabu hii ya 2003 ingewafaa zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki mifano haiko mbali. Fumba, Unguja, ilitangazwa eneo huru la uchumi mwaka 1992. Kilichokuja kuipa uhai, zaidi ya miaka ishirini baadaye, ni nyumba za kuishi. Bagamoyo ilitengewa karibu hekta 9,800, bandari yake kubwa ikakwama mwaka 2019, na wakazi waliokuwa ndani ya mpaka waliishi miaka mingi katika kungoja: ardhi si yao ya kuendeleza, wala kiwanda hakijafika. Kungoja kwa namna hiyo ni ubadhirifu mkubwa kuliko pori, kwa sababu pori halina mwenyewe anayezuiwa kujenga choo.

Jirani wa karibu zaidi ni Chambishi, ng'ambo ya mpaka, katika shaba ya Zambia. Kanda ya Zambia na China ilizinduliwa Februari 2007 wakati wa ziara ya Rais Hu Jintao, ikiwa na kilomita za mraba 11 na nusu hivi. Kilichonivutia ni mahali ilipotoka. Kampuni ya Kichina iliyonunua mgodi wa Chambishi mwaka 1998 ilipata pamoja nao ardhi kubwa ya juu isiyohitajika kwa kuchimba, na kanda ikakatwa humo. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kikajengwa karibu na mgodi, reli na nyaya za umeme. Chambishi ina manung'uniko yake ya mishahara na ya hewa, na sitayafunika. Ila katika jambo hili la ardhi ilianza mahali sahihi: kwenye ardhi ambayo uchimbaji ulikuwa umekwisha kuishika.

Kolwezi ina ardhi ya aina hiyo kwa wingi kuliko Chambishi. Kuna yadi za Gécamines zisizotumika, marundo ya vifusi, maeneo ya karakana za zamani yenye reli inayoyapita, reli hiyohiyo inayokwenda Dilolo na kuingia Angola hadi Lobito. Kuna bwawa la Nzilo lililo karibu na mji, ingawa umeme wake unagombewa na migodi na nyumba. Musompo iko vizuri kwa barabara, lakini kila hekta itakayoongezwa huko kwa ajili ya maghala na viwanda ni hekta iliyochukuliwa kwa wakulima, huku hekta zilizochafuliwa katikati ya mji zikiendelea kukaa bila kazi. Naona hapo ndipo serikali ya mkoa inapoweza kuamua jambo: kanda isiwe kiwanja kimoja kikubwa nje ya mji peke yake, sehemu ya viwanda vyake iwekwe kwenye ardhi ya zamani ya madini, na kila mwekezaji apewe kiasi anachokijenga, kwa muda unaoandikwa. Asipojenga, ardhi irudi. Kodi ya kiwanja kitupu iwe kubwa kuliko ya kiwanja chenye kiwanda. Nyumba za wafanyakazi zipangwe kabla ya uzio, kwa sababu Fungurume imekwisha kutuonyesha kinachotokea mji unapofurika ndani ya eneo la kibali bila aliyeupangia: watu huja kwa kazi, hujenga karibu na kazi, kisha huambiwa wamevamia.

Kwamba ardhi iliyotumika inaweza kutumika tena si ndoto. Tangu mwaka 2018, mradi wa Metalkol wa kampuni ya ERG umekuwa ukichota matope ya zamani ya Kingamyambo na ya bonde la mto Musonoi, mabaki yaliyoachwa na miaka mingi ya kusafisha shaba, na kutoa humo shaba na kobalti ambazo mitambo ya zamani ilishindwa kuzikamata. Matope yanaondolewa, yanapelekwa kwenye hifadhi mpya, na bonde linabaki. Mkataba wa kanda ya Musompo unaweza kulitaja bonde hilo kwa jina, na maeneo mengine yatakayosafishwa baada yake. Unaweza kuamuru kwamba hekta zikikabidhiwa, mji uwe wa kwanza kuulizwa unazihitaji kwa nini, kabla mwombaji mwingine hajafika ofisini na orodha ya miraba.